Siku Saba Nilizomtoza Bosi Hengchai

SEHEMU YA TANO

Kwa ambaye hakuisoma Jumamosi iliyopita nitaeleza kwa ufupi, maana sipendi mtu aingie katika aibu yangu akianzia katikati.

Mimi ni Thawin, mzee wa miaka sabini na mmoja. Kwa miaka thelathini na moja nilikaa kwenye mizani ya malori katika kinu cha mpunga cha Bosi Hengchai, hapa Nakhon Sawan. Elimu niliitafuta mwenyewe, madarasa ya watu wazima, kichwa kimeanza mvi, na cheti changu kiko ukutani kwa yeyote anayetaka kukiona. Sasa ni mwongoza ibada wa hekalu la mtaani kwetu. Mwanamume yeyote wa hapa anayetaka kuvaa joho la njano, hata kwa wiki mbili, hupita kwanza mikononi mwangu nimfundishe maneno ya kuomba utawa.

Miaka ishirini na mitatu iliyopita, msimu wa mavuno, simu ililia ofisini kwa Bosi saa nne asubuhi. Dereva wake, Chamnong, ndiye aliyeipokea, akaandika kwenye kikaratasi: mama yake Thawin yuko mahututi, anamwita mwanawe. Bosi alikisoma. Akanitupia jicho kupitia dirishani. Nikamuuliza kama kuna jambo.

"Mambo ya mchele tu," akasema, na kikaratasi akakitia mfuko wa kushoto wa shati.

Malori yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabara kuu. La mwisho liliposhuka mizani, saa kumi na moja jioni, ndipo aliponiambia. Mama alikuwa amekufa saa nane.

Kwetu mtoto wa kiume hunyolewa nywele na kuvaa joho hata kwa siku moja kabla mama yake hajachomwa, ili mama alishike pindo lake na kupanda nalo peponi. Niliomba siku tatu. Bosi alinipa nusu siku. Alisema nusu siku inatosha kumchoma mtu, mpunga haungoji. Nilisimama mbele ya moto nikiwa na nywele zangu zote kichwani, na mama yangu akaenda mikono mitupu.

Habari ya kikaratasi nililetewa na Chamnong wiki moja baadaye, akilia. Kazi sikuiacha. Nilikuwa na watoto.

Sasa basi. Jumamosi iliyopita niliwaacha pale Bosi Hengchai mwenyewe, miaka sitini na minane, alipovua viatu chini ya ngazi ya nyumba yangu. Mama yake, Bibi Lamiat, amefika miaka tisini na mmoja, na daktari amempa wiki mbili. Bibi hataki dawa wala maua. Anataka kumwona mwanawe wa pekee katika joho kabla hajafumba macho. Kila mwaka Bosi alimwahidi, na kila mwaka kukatokea mpunga.

Aliniuliza kama ninaweza kumfundisha kwa jioni moja. Nikamwambia siku saba. Akauliza bei.

Nikamwambia bei ni hizo siku saba. Kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa sita mchana, yeye mwenyewe kwa miguu yake, bila simu. Akikosa moja, tunaanza upya.

Leo nakiri mbele yenu: siku tatu zingetosha. Kwa kichwa kama chake, hata mbili.

*

Siku ya kwanza alifika saa mbili kasoro, na karani nyuma yake amebeba mashine ya kurekodi sauti. Karani nilimrudisha. Simu niliipokea kwa mikono miwili, kwa adabu, nikaitumbukiza ndani ya chungu cha mchele cha jikoni kwa watawa, nikafunika. Ililia humo mara tatu wakati tunaongea. Mchele ukatetemeka.

"Ikiwa ni mambo ya bandarini?" akauliza.

"Bandari itakusubiri," nikasema. "Sisi wote tulikusubiri, na hatukufa."

Kisha nikamwonyesha ufagio wa chelewa. Ua wa hekalu letu una mikwaju minne, na anayejua jani la mkwaju anajua nilichokuwa nikifanya. Ni dogo kama ukucha wa mtoto. Ukifika mwisho wa ua, mwanzo umeshajaa.

Lakini kabla ya ufagio kulikuwa na jambo jingine, na hilo nililingojea kama mtu anavyongoja mshahara. Mtawa msimamizi wa wanafunzi alitoka. Bosi akamtazama, akanitazama mimi.

Ilikuwa hivi. Miaka kumi nyuma, Bibi Lamiat alipougua mara ya kwanza, Bosi hakuwa na nafasi, basi akamlipa dereva wake avae joho siku kumi na tano kwa niaba yake, thawabu ziende kwa mama. Kwa hesabu zake kazi ilikuwa imefanyika. Bibi aliposikia alikataa chakula siku mbili. Alisema joho la kukodi halina pindo. Siku ya kumi na tano Bosi aliendesha gari mwenyewe kuja kumchukua dereva, akamkuta anafagia. Dereva akamwambia, "Bosi, nisubiri kidogo, sijamaliza." Hajamaliza hadi leo. Mji mzima bado unacheka.

Huyo ndiye aliyesimama mbele yetu. Chamnong.

"Msujudie Kaka Mtawa mara tatu," nikamwambia Bosi.

"Huyu? Huyu alikuwa ananifungulia mlango wa gari."

"Na sasa atakuuliza maswali ukumbini, mbele ya watawa wote. Mara tatu, paji la uso liguse sakafu."

Alisujudu. Magoti yake yalilia kama mlango. Mtawa Chamnong hakucheka. Alimwonyesha ufagio kwa kidole, kwa upole wake uleule wa siku zote.

"Huo hauna usukani, Bosi," akasema, "lakini ukiushika vizuri unakwenda."

Niliporudi nyumbani nilikula sahani mbili za wali na samaki wa kukaanga. Sangwian, mke wangu, akaniuliza nina sherehe gani.

*

Maneno ya kuomba utawa ni ya lugha ya kale, hakuna aizungumzaye sokoni, lakini majibu ni mepesi. Mtawa anakuuliza: Una ukoma? Una majipu? Una choa? Una kifua kikuu? Una kifafa? Yote matano unajibu hapana. Kisha: Wewe ni binadamu? Wewe ni mwanamume? Wewe ni mtu huru? Huna deni? Na mengine, mpaka ruhusa ya wazazi. Hayo unajibu ndiyo.

Bosi alishika kila kitu upesi. Ana kichwa, simnyimi sifa. Lakini swali la nane lilimshinda. Akifika hapo, kila mara, alijibu hapana.

Siku ya pili alitaka kujua maana yake.

"Anakuuliza kama wewe ni mtu huru," nikamweleza. "Zamani watumwa walikuwa hawaruhusiwi. Anataka kujua kama siku zako ni zako mwenyewe."

Akafuta jasho.

"Hilo tuliruke."

"Haliruki, Bosi."

Siku ya tatu hakuja. Wanunuzi wa mchele walikuwa wamefika kutoka ng'ambo, wakubwa, na hawakai zaidi ya siku moja. Badala yake, saa tano likaingia lori la saruji, zawadi kwa ukuta wa hekalu, na barua fupi ya kuomba siku hiyo ihesabiwe.

Saruji niliipokea, maana ukuta ulikuwa umeanguka kweli. Kisha nikamwambia dereva wa lori, "Kamwambie Bosi saruji imefika, yeye hajafika. Kesho ni siku ya kwanza."

Siku ya kwanza! Nilitembea kurudi nyumbani nikiimba kimoyomoyo. Kwa miaka thelathini na moja yule mtu alinikata siku zangu vipande vipande, hiki cha lori, hiki cha gunia, na kilichobaki kikawa changu. Leo mimi ndiye nilikuwa na siku, naye alikuwa mlangoni pangu anaziomba.

Mke wangu alikuwa anamenya vitunguu. Nilimsimulia, nikitegemea atacheka. Aliendelea kumenya.

"Hizo siku unazomkata ni za nani?" akauliza.

"Zake."

"Yeye ana afya, baba Nopphon. Anaweza kukaa miaka ishirini. Daktari wiki mbili alimpa nani?"

Nilimwambia kwamba hata mimi nilikuwa na mama. Akasema anajua, alimwogesha kwa mikono yake. Akasema mama yangu alikuwa mtu mpole, na kama angeniona ninavyotembea leo nikiimba, angenitafutia fimbo.

Chakula kilikuwa na chumvi nyingi.

*

Tukaanza upya. Hesabu mpya ilipofika siku ya nne, Bibi Lamiat akaniita.

Aliyekuja kunichukua ni Ratri, binti yake Bosi, mwanamke mzima anayeshika ofisi ya kinu. Alinikuta hekaluni, akasema bibi yake anataka kuniona, peke yangu, na baba asiambiwe. Nilijua ninaitiwa nini.

Kitanda kilikuwa kimewekwa dirishani. Kutoka pale unaiona mizani yangu ya zamani. Bibi alikuwa amebaki kidogo sana kitandani humo, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Kaa upande huu, Thawin. Sikio la pili limeshatangulia."

Nilikaa chini, viganja pamoja kifuani.

"Marehemu mume wangu alikuwa Mchina asiyejua hata kusalimia watawa," akasema. "Alifundishwa siku mbili, akavaa. Mwanangu mimi si mjinga kuliko baba yake. Siku saba za nini? Na nasikia ukazirudisha nyuma."

Nikaanza kueleza ugumu wa lugha ya kale. Akainua kidole.

"Usinidanganye, utanimalizia pumzi bure. Shati lile nililifua mimi."

Nikashusha viganja magotini.

"Kikaratasi kilikuwa bado mfukoni. Nilikisoma nikiwa nimelowa mikono. Nikampiga kofi, mtu wa miaka arobaini na mitano, mbele ya mkewe. Halikurudisha kitu. Nilikuja mazishini kwa mama yako, nikasimama nyuma kabisa. Nilikuona una nywele."

Basi alijua. Miaka yote ile, akipita kwenye mizani na kunipa ndizi kavu kwenye jani, alijua. Nilingoja aniombe nimwonee huruma mwanawe. Nilikuwa na jibu tayari, nimelinoa miaka ishirini na mitatu.

Hakuomba.

"Unajua anafanya nini jioni?" akauliza. "Anakuja hapo ulipokaa. Ananisomea hayo maneno yako. Akikosea namsahihisha, nayajua, nimeyasikia kwenye sherehe za joho za watoto wa watu wote wa mji huu. Juzi tulicheka mpaka Ratri akakimbia kuleta dawa. Tangu alipoanza kuvaa suruali ndefu, Thawin, sijapata kukaa na mwanangu jioni tano. Nina nyumba nne. Jioni tano sikuwa nazo."

Alipumzika. Nilisikia malori nje.

"Ulitaka kumwadhibu, ukanipa mimi zawadi. Asante."

Ndugu msomaji, nimewahi kutukanwa na matajiri na walevi, na hakuna tusi lililonipata kama asante ile. Chakula nilichompikia adui yangu kwa pilipili yote niliyokuwa nayo, kilikuwa kinaliwa na mwingine kama uji mtamu.

"Lakini usizidishe," akasema. "Jioni nimezipata. Sasa nataka na joho. Ijumaa. Zaidi ya hapo sikuahidi mtu kwamba nitakuwepo."

Nilimwahidi Ijumaa, saa tatu asubuhi. Nilimwahidi kwamba atabebwa mpaka hekaluni na kishada cha kwanza cha nywele atakikata yeye kwa mkono wake. Alifumba macho, akanipa kidole kimoja nikishike.

Msinifikirie kwamba nilitoka pale nimekuwa mtu mwema. Nilitoka machozi yamenilenga, hilo kweli. Nilipofika chini ya ngazi yalikuwa yamekauka.

*

Siku ya tano nilifika saa moja kasoro robo na kumkuta Bosi ameshafika. Peku, suruali imekunjwa, anafagia sambamba na Mtawa Chamnong, wanaongea na kucheka kama vijana. Simu alikuwa ameiweka kwenye mchele mwenyewe.

"Mwalimu," akaniita, uso unang'aa, "kumbe jani la mkwaju huanguka zaidi umande ukishakauka. Miaka sitini na minane nimeishi hapa, sikujua."

Nikamwambia hata mimi ningependa kujua, lakini nilikuwa mizanini.

Hakusikia, au alisikia akadhani ni utani. Akaniambia ameamua jambo. Hatavaa wiki mbili, atavaa msimu wote wa mvua, miezi mitatu. Kinu atakishika Ratri. Alisema ameona kwamba maisha yake yote alikuwa akikimbia kama mbwa nyuma ya gari, na hata hajui gari lilikuwa la nani.

Na swali la nane likampita vizuri. Alijibu ndiyo, sauti kamili. Mtawa Chamnong akatabasamu.

Mimi sikutabasamu. Nilimtazama nikafikiri: ona wenzetu. Tajiri akichoka na pesa, anaingia kwenye duka la muda, anachagua saizi yake, anavaa, na unamkaa vizuri kama aliushonewa. Miezi mitatu anaitoa kama mtu anayetoa leso. Mimi niliomba siku tatu.

Bado kulikuwa na jambo moja ambalo lingeweza kuniponya, na nilijua linakuja Alhamisi. Anayetaka kuvaa joho lazima kwanza azunguke na sinia ya maua na mishumaa, akiomba radhi kwa kila aliyemkosea. Mkosewa akiigusa sinia na kutamka kwamba amesamehe, imekwisha. Nilijiambia: akikitaja kikaratasi, akitamka tu neno "kikaratasi", nitaigusa sinia ile na kumsamehe, na mama yangu ataelewa.

Alikuja saa kumi alasiri. Sangwian alikuwa ametandika mkeka mpya. Bosi alipiga magoti mbele yangu, akainua sinia mpaka kwenye paji la uso.

"Mwalimu Thawin. Ikiwa nimekukosea kwa tendo, kwa neno au kwa wazo, kwa kujua au kutojua, nakuomba unisamehe."

Nikangoja.

Naye akangoja, sinia juu, mikono inaanza kutetemeka kwa uzito. Uso wake ulikuwa safi kama wa mtoto aliyetoka kuoga.

"Hakuna kingine, Bosi?" nikamuuliza.

Alifikiri. Naapa alifikiri kweli, alikunja paji la uso akatafuta.

"Labda ile saruji," akasema. "Nilifanya kama nakununua. Kwa hiyo pia nisamehe."

Alikuwa amesahau. Hakuwa anaficha wala kuona haya. Kile kikaratasi ambacho mimi nimelala nacho miaka ishirini na mitatu, yeye kilimtoka akilini siku shati lilipofuliwa.

Niliigusa sinia. Neno halikutoka. Sangwian aliyekuwa nyuma yangu akakohoa, akalitamka yeye kwa niaba ya nyumba, na Bosi akashukuru, akainuka, akaenda kuwaambia wabeba magunia wa kinu sentensi ileile.

*

Ijumaa ilianza vizuri kuliko nilivyotaka. Ngoma zilifika mapema. Watu wa kinu walikuja wote, kwa mara ya kwanza mashine zilikuwa kimya asubuhi ya kazi, na ukimya huo ulisikika mji mzima. Joho la njano lilikuwa limekunjwa juu ya mto, limefungwa kwa uzi, linamngoja Bibi Lamiat alikabidhi.

Bosi alikaa kwenye kiti cha mbao uani, amejifunika shuka jeupe, jani la yungiyungi kwenye viganja la kupokelea nywele. Mtawa Chamnong alisimama pembeni ananoa wembe. Bakuli la maji ya bizari, ya kupaka kichwa kikishanyolewa, lilikuwa tayari.

Kabla ya kukaa, Bosi alikuwa amenikabidhi simu yake mwenyewe, kwa mikono miwili.

"Chungu cha mchele leo kinapikiwa wageni," akasema. "Kaa nayo wewe, Mwalimu. Mimi leo sina simu."

Niliitia mfuko wa shati.

Saa tatu ikafika. Gari la kumleta Bibi halikuonekana. Saa tatu na dakika kumi. Watu wakaanza kutazama lango. Bosi alikuwa ametulia, anatikisa midomo, anarudia maswali yake.

Simu ikatetemeka. Nilisogea hatua tano, mpaka kwenye nguzo ya ukumbi, nikaipokea. Alikuwa Ratri.

"Baba?"

"Ni Mwalimu."

"Mwalimu, Bibi ameanza kuondoka." Alikuwa anajizuia kulia. "Daktari amekataza asibebwe, anasema kama nusu saa, kama saa moja, hajui. Anaita jina la Baba. Anauliza joho liko wapi. Mwambie aje, Mwalimu. Nakuomba. Mwambie aje kama alivyo."

Nikasema nimesikia. Nikakata.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo hesabu ilipo. Kutoka hekaluni mpaka nyumba ya Bosi ni dakika kumi na tano kwa gari. Utawa kamili, kwa kunyoa, kuzunguka ukumbi na maswali yote, hauishi kabla ya saa sita. Akikaa, mama yake atakwenda mikono mitupu. Akikimbia alivyo, mama atamwona na nywele.

Lakini kuna njia ya tatu. Kuna utawa mdogo, ule wa wanafunzi, ambao hautaki ukumbi wala maswali. Wembe, joho, maneno machache mbele ya mtawa mkuu, robo saa imekwisha, na joho ni lilelile la njano na pindo ni lilelile. Angefika akiwa amevaa. Bibi angelishika.

Bosi hakuijua njia hiyo, nilikuwa sijamfundisha. Wageni hawakuijua. Aliyetakiwa kuitamka, asubuhi ile, alikuwa mwalimu wake.

Nilirudi mpaka kwenye kiti. Bosi Hengchai akainua uso kutoka kwenye shuka lake jeupe.

"Kuna jambo, Mwalimu? Nani huyo?"

Nilimtazama. Nywele zake nyeupe zilikuwa zimechanwa vizuri, zinangoja mkono wa mama yake. Na mdomo wangu, bila kuniuliza mimi, ukafunguka.

"Mambo ya mchele tu," nikasema.

Akatabasamu, akatikisa kichwa kama mtu anayekumbuka ugonjwa aliopona, akainamisha tena uso juu ya jani la yungiyungi.

Nikairudisha simu mfukoni, mfuko wa kushoto. Hapo ndipo nilipogundua kwamba sauti ya wembe kwenye jiwe la kunolea imekoma. Mtawa Chamnong, aliyekiandika kikaratasi kile kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amesimama nyuma ya kiti, wembe umeganda hewani. Hakuwa ananitazama usoni. Alikuwa anautazama mfuko wangu, na ndani yake simu ilikuwa imeanza kutetemeka tena.